Laana Iliyosemwa Mara Moja

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na simu ziwekeni kando. Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la sita, na Kiswahili changu ni cha nyumbani, si cha vitabuni. Tena msinitazame mkasema bibi gani huyu asiye na mvi; niliolewa mapema, binti yangu naye akanifuata, basi nimeitwa bibi kabla sijachoka. Lakini nililoliona utotoni naliona mpaka leo, na mwezi uliopita limenirudia kwa njia ya pua.

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni Ganjoni ana ndevu. Walikuwa na mchezo, yeye kapewa usultani, na mwalimu wao kawabandika manyoya ya mbuzi kwa uji wa ngano. Alipoinama kunibusu mkono, harufu ile ikanipiga: mbuzi, unga uliochacha na jasho la mtoto. Nikakaa kitako. Nikawa na miaka kumi na moja tena, Kibokoni, uani kwa Bi Esha, na wanawake kumi na wawili wenye heshima zao wamebandika ndevu wanangoja zikauke, hawathubutu kucheka zisije zikabanduka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama zetu walikuwa na chama cha michezo, na kila Idi walicheza katika ukumbi wa shule, wanawake mbele ya wanawake. Mwanamume haingii, hata awe nani. Mchezo ukihitaji mume, kadhi au adui, mmoja wao huvaa kanzu na koti la mumewe na ndevu za mbuzi, na akitembea wallahi utamwamkia.

Mkubwa wao alikuwa Bi Esha, mjane mrefu, mkavu, ndiye mtungaji. Alikuwa na desturi moja. Mchezo mzima hakumpa mtu. Kila mmoja alipata maneno yake tu, karatasi moja iliyochanwa daftarini, na ya mwenzake atayasikia siku ya mazoezi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, “Mdomo wa mtu ni mlango usio na komeo.”

Mwaka ule alitunga mchezo wa historia, akauita *Mlango wa Mji*. Zamani za Mreno, mji umezingirwa, watu wanakula majani, na usiku mmoja mtu wa ndani anaufungua mlango mdogo wa upande wa bahari. Adui anaingia, mji unachomwa. Mwishoni mjane mmoja, Mwana Somoe, anasimama juu ya majivu na kumlaani aliyefungua, yeye na nyumba yake, kizazi hata kizazi. Jina la mtu hakulitaja. Alitaja nyumba: *nyumba ya simba wawili*. Basi hapo ndipo palipokuwa na moto, kwa maana katika mtaa wetu mlango uliochongwa simba wawili ulikuwa mmoja tu, na waliokaa ndani walikuwa watu wazima wapole, mzee mmoja na mkewe na wana wao. Wakongwe walikuwa wakinong'ona kwamba babu yao ndiye. Bi Esha alisema historia haina haya.

Mwana Somoe alipewa mamangu, Bi Rukia. Mama hakujua herufi za shule, alijua za Kurani. Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nikiitwaa karatasi ya Bi Esha na kumwandikia yale yale maneno kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani. Alijifunza akichagua mchele, akikaanga samaki, akifunga buibui. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, mtu wa “haya, sawa”, lakini akifika penye laana shingo ilirefuka na mimi nilisogea kando na mwiko wangu. Sijapata kumwona anataka kitu duniani kama alivyoutaka mchezo ule.

Wa kulaaniwa alikuwa Bi Nuru. Huyu alizaliwa Majengo, mtaa ambao wakongwe wetu waliudharau, akaolewa mtaani kwetu, mfupi, mnene, na watu walicheka kabla hajafungua kinywa. Kila asubuhi alipika mahamri na kuyapitisha nyumba kwa nyumba. Bi Esha alipompa sehemu ya msaliti, wenzake waliguna. “Huyu? Atapiga chafya ukumbi mzima uvunjike mbavu.” Lakini kwenye mazoezi, wenzake wametolewa nje, Bi Nuru alipiga magoti mbele ya Mama, ndevu zinamtetemeka, na si mimi si Bi Esha aliyecheka.

Wiki tatu kabla ya Idi, mke wa yule mzee wa simba wawili alimpelekea Bi Esha salamu. Mchezo usichezwe, ya wafu waachiwe wafu. Ukichezwa, ukumbi haupatikani mwaka huu wala mwaka mwingine, maana wanawe walikuwa na usemi pale shuleni. Hilo peke yake lingaliuma na kupoa. Kilichomfanya Bi Esha akae chini ni kwamba salamu zile zilikuja na laana yenyewe, neno kwa neno.

Sasa hesabuni pamoja nami. Maneno yale yalijulikana na Bi Esha aliyeyatunga, Mama aliyeyasema, Bi Nuru aliyelaaniwa akiwa magotini, na mimi niliyeyanakili. Wengine walikuwa bado hawajafikishwa mwisho; Bi Esha alikuwa akiwatoa uani.

Alasiri ile waliitwa wote uani, ndevu za mazoezi zimeshabandikwa. Nimekaa mkekani karibu na goti la Mama. Bi Esha akanitazama mimi kwanza.

“Tima, karatasi ya mamako umemwonyesha nani?”

“Sikumwonyesha mtu, Bi Esha.”

“Mtoto hasemi uwongo mbele ya ndevu hizi. Nani?”

Watu wakaniangalia. Wallahi sikumwonyesha mtu. Lakini mtoto akibanwa hutafuta tundu la kutokea, na tundu nililoliona ni hili. Nikasema, “Mimi nilimwona Bi Nuru mlangoni kwa simba wawili. Asubuhi. Anazungumza na yule bibi.”

Ilikuwa kweli. Alikuwa akienda kila siku, kama alivyokuja kwetu na kwa Bi Esha, na kapu la mahamri. Hilo la kapu sikulisema. Wala hapana aliyeniuliza.

Bi Nuru alifungua kinywa. Mmoja akamkata, “Yakhe, maji ya Majengo hayasahau mtaro wake.” Wakacheka kicheko kibaya. Mama alikuwa akitazama kucha zake. Bi Nuru alimwangalia Mama muda mrefu, kisha akafunga kinywa. Mimi nikasema moyoni, tazama, hana la kujibu.

Hawakumfukuza, maana walimhitaji. *Mlango wa Mji* ukawekwa kando, ukumbi usije ukapotea, na siku zimebaki kidogo na watu wameshaambiwa kuna mchezo. Bi Esha akashona jambo la haraka haraka, la kuchekesha, mkwe anayekuja kukaa siku tatu na jogoo wake akakaa miezi mitatu. Mkwe ni Bi Nuru. Mama alipewa ujirani: anaingia na sinia, anasema “Hodi”, anatoka.

Idi ya kwanza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake walilia kwa kucheka, wakapigana makofi ya mapaja, mmoja akavunja kiti. Ikabidi wacheze siku zote nne. Wakaitwa harusi za Majengo, wakaitwa Malindi, wakaitwa mpaka Lamu. Mitaani watoto walikuwa wakiwika kama jogoo wa Bi Nuru. Chama kilikuwa hakijapata kujulikana hivyo.

Nanyi mngedhani walifurahi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikiwashikia ndevu, na nilizisikia pumzi zao. Kila kicheko kilipopanda, walitazamana. “Sikia anavyopendwa.” “Mwamba ngoma huvutia kwake.” “Kafunga mlango ule, kajifungulia huu.” Makofi yalikuwa yakiwachoma. Aliyefaidika ndiye aliyetenda, ndivyo walivyoamini, nami niliamini kuliko wote, kwa sababu kama si yeye basi mimi nilikuwa nimemfanya nini? Nilianza kumchungua. Akinipa hamri, nilimtupia paka. Akinisalimu, nilijifunga kamba ya kiatu.

Mwisho wa msimu walimfanyia kitu ambacho nyinyi mnaotumiana maneno kwa simu hamtakijua uzito wake. Walikwenda wakanunua leso sare, jina lake *Kikulacho ki nguoni mwako*. Siku ya mchezo wa mwisho, kila mmoja akaingia kajifunga yake na maandishi yako mgongoni, wanampita Bi Nuru mmoja mmoja, taratibu, ili asome. Wanawake kumi na mmoja. Yeye peke yake hana. Mama pia aliivaa. Mimi ndiye niliyempigia pasi.

Bi Nuru alisoma migongo yote. Akabandika ndevu zake, akatoka jukwaani, na siku ile alichekesha kuliko siku zote. Kisha akavua kanzu ya mumewe, akaikunja, akaondoka. Hakurudi tena. Baada ya muda tukasikia kahamia kwao Majengo na mume wake.

Dada yangu Zuhura aliolewa mwaka uliofuata. Aliolewa katika nyumba ya simba wawili. Sikufikiri kitu, harusi ilikuwa tamu, na mimi nilipata viatu vipya.

Miaka ikapita, nami nikawa na mume na watoto. Siku moja nilikwenda kumwangalia Zuhura, tukakaa na mkwewe, yule yule bibi, tukichambua mbaazi. Mazungumzo yakaja na chama cha zamani. Bibi akasema, kama mtu asemaye leo kuna jua, “Mamako ni mtu wa maana sana. Kama si yeye tungaliaibika mbele ya mji mzima.”

Nikasema, “Mamangu?”

“Kwani hakukwambieni? Tulikuwa tumeshapeleka neno la Zuhura, la chini chini, kama desturi, wanawake kwa wanawake. Akaja hapa na buibui lake. Akasimama pale penye zulia. Akasema, ‘Haya ndiyo yatakayosemwa siku ya Idi, na mwenye kuyasema ni mimi, na binti yangu mnamtaka.’ Kisha akasema ile laana yote. Hakubakisha. Mume wangu alikuwa chumba cha pili, akatoka na tasbihi mkononi akasimama tu. Mwanangu, nilisisimka mwili. Nilikuwa nikilaaniwa mimi na kizazi changu, na sikutaka anyamaze. Alipomaliza akakaa, akanywa kahawa.”

Mbaazi zilinimwagika. Basi ndiyo mara moja tu mamangu alipocheza sehemu yake, mbele ya watu wawili, na wao ndio waliolaaniwa.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Alikuwa akikunja nguo. Nilipomwambia, hakukana.

“Ulitaka dadako arudishiwe posa?”

“Na Bi Nuru, Mama?”

“Nuru ana mdomo. Angalijitetea.”

“Nani alimuuliza?”

Akaendelea kukunja. Baadaye akasema, “Na wewe je? Si wewe uliyemtaja?” Mama ni mama, nami sikumvunjia heshima, lakini toka siku ile nikiambiwa jambo na mtu yeyote, hata niwe nampenda, hulishika kama chungu cha moto, nikalizungushazungusha kwanza.

Kesho yake nikaenda Majengo. Bi Nuru nilimkuta mlangoni kwake, karai mbele, nywele nyeupe, bado mnene. Alinijua kabla sijasema.

“Tima wa Rukia. Leo viatu vyako havina kamba, itabidi unisalimu.”

Nikamsalimu, nikakaa chini, nikamweleza yote, na la kapu la mahamri pia. Alinisikiliza huku akigeuza.

“Nilijua,” akasema. “Nilijua siku ileile. Mimi nafika na kapu langu, mamako anatoka, uso umemvimba. Kwa nini aje kwa watu wale asubuhi? Na Bi Esha alipotuita nikaunga.”

“Na hukusema!”

“Ningalisema, posa ya dadako ingalivunjika, akae bila mume; mwenye kapu husikia ya kila nyumba. Haya, hiyo moja. Ya pili, nani angaliniamini, mtu wa Majengo, mbele ya Bi Rukia? Usinisifu, ukanifanya walii. Nilikuwa na hasira mpaka za kumeza.”

Nikamwambia, kunyanyua tu mazungumzo, kwamba walau mchezo wa jogoo ulimpa jina. Aliacha kugeuza. Mahamri yakaanza kuungua upande mmoja.

“Jina! Nimechekwa tangu nikiwa na meno ya utoto, Tima. Nikifiwa watu hucheka. Mara moja tu katika maisha yangu mtu alinipa kitu cha kuwaliza watu. Nilikuwa nimeshajifunza kupiga magoti bila kutetema miguu. Wao wakaona nimeua mchezo ule ili nipate huu. Mimi! Kila walipopiga makofi nilikuwa nikiusikia ule mwingine.”

Hakulia. Aliyaopoa yaliyoungua, akayaweka kando, akanipa yaliyo mazuri. Nilikula mbele yake mpaka la mwisho.

Hilo nilikuwa sijalijua, wala chama kizima hakikulijua: kwamba aliyefiwa na mchezo ule zaidi ni yule tuliyemshika kuwa muuaji. Kulijua kungalihitaji swali moja tu, na tulikuwa watu kumi na mmoja na mtoto mmoja hodari wa kuandika.

Nilipofika kwangu jioni ile niliwakuta wifi zangu jikoni wanong'ona. Kipini cha pua cha mmoja wao hakionekani, na tayari mama anayetufulia nguo alikuwa ameanza kupewa chai yake bila neno, kikombe kinasukumwa sakafuni. Nikauliza, “Nani amemuuliza?” Kipini kilikuja kuonekana au hakikuonekana, hilo sisemi, si kazi yenu. Niliwaita wote ukumbini, mume wangu pia, na watoto, na huyo mama mwenyewe nikamkalisha kitini, nikawaambia hivi, na ndivyo ilivyo mpaka leo:

“Katika nyumba hii mtu hanyimwi salamu kwa jambo la kudhaniwa. Ukimshuku mtu, mwite, mkalishe, umuulize yeye mwenyewe mbele yetu, na umwache ajibu mpaka amalize. Asiyeliweza hilo, afunge mdomo wake ale wali wake.”