Dada yangu, Papa na jiko moja la makaa

Wakuu, salamu. Hii imetokea kwetu Likasi, miaka ile ya tisini, usine, yaani viwanda, zikifa moja baada ya nyingine. Nilikuwa mwanafunzi, mtundu, mdomo haulali. Sitaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Papa alikuwa msimamizi wa karakana. Kazi iliposimama, akabaki hana wa kumsimamia ila sisi.

Viatu vipangwe mlangoni kwa mstari. Mahindi ya uani yapandwe kwa kamba. Babula, jiko letu la makaa, likizimwa lipinduliwe na kuwekwa pembe ileile. Ukikosea, unapewa hotuba.

Yaya Béa, dada yangu mkubwa, naye babula hilo halikumtoka kichwani. Tukienda shule, tunafika kona, anarudi nyumbani kuliangalia kama limezima. Tunafika tena, anarudi tena.

"Huyu mutoto wa Papa kabisa!" Mama alicheka, kitinda mimba wetu mgongoni.

Na mimi, akiniuliza kama limezima, namjibu: "Nimeona moshi, yaya!" Anatimua mbio, mimi nacheka mpaka nakaa chini.

Siku ya jaribio la mwisho alirudi mara nyingi hata akakuta mlango wa darasa umefungwa.

Mtihani wa serikali ulibaki wiki chache. Akiukosa, mwaka umekwenda, na hakuna aliyejua kama mwaka ujao shule itafunguliwa.

Papa akawaka. "Unapindua babula, unaenda. Kwisha!"

"Papa, minye najua inazima. Naigusa, iko baridi. Lakini kichwa inaniambia nyumba inaungua na mutoto wetu ndani."

Papa akapoa. "Minye nikipanga vitu, roho inatulia. Na weye?"

"Dakika moja tu. Kisha inaanza upya. Nimechoka, Papa."

Tukaenda hospitali ya misheni, upande wa Kapolowe. Docteur akasikiliza yote, hata ya viatu na kamba, akasema ya Yaya ni ugonjwa: wazo linamwingia kwa nguvu, naye analichukia. Ya Papa ni tabia iliyokakamaa: yeye anaona amenyooka, dunia ndiyo imepinda.

"Ila vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja."

Papa akakohoa. "Docteur, na kufuli? Minye naigusa mara saba. Ile, siipendi."

Nilicheka. Peke yangu.

Dawa ya docteur ilikuwa ngumu: Yaya atoke asirudi, hofu ipande mpaka ishuke yenyewe. Na sisi tusimhakikishie kitu. "Hasa weye," docteur akanitazama.

Tulifanya mazoezi kila asubuhi. Machozi yalikuwepo.

Siku ya mtihani, kona ileile, akasimama. "Babula..."

Majibu kumi yalinipanda, wakuu. Nikayameza. Papa, aliyetusindikiza, naye kimya. Yaya akafumba macho, tukasubiri hapo barabarani kama wajinga watatu.

Kisha akasema, "Twende."

Aliwahi. Mlango ulipofungwa yeye yuko ndani, Papa aliketi kwenye ukingo wa mtaro wenye vumbi, na suruali yake ya pasi, akacheka peke yake.

Nilichojifunza: ukiona mtu anarudia jambo, kabla ya kumcheka muulize kama analipenda. Nyumbani kwenu nani yuko hivyo, na mlimfanyaje? Mwageni hapa, hata wenye kunitukana karibuni.