Moshi wa Nane

Shangazi Pirimze, tuliyemwita hivyo sote bila undugu wowote, hakujua kubembeleza. Alisambaza barua kijijini kwetu Zeskari miaka thelathini, na barua zilipokwisha kwa sababu watu wamekwisha, akabaki yeye na funguo zetu.

Kwetu milimani kaya huhesabiwa kwa moshi. Enzi za babu ilikuwa mioshi sitini. Vita vikachukua wanaume, poromoko la theluji likahamishia nusu yetu bondeni, na sisi wengine tukafuata mishahara mjini Kutaisi. Ukabaki moshi mmoja, wake.

Ndipo wilaya ikasema Jumamosi karani atapanda kuhesabu. Mioshi isipofika minane, waya wa umeme ulioanguka hautarudishwa, na Zeskari itafutwa daftarini.

Shangazi hakutuomba kitu. Alishuka bondeni kwa miguu kutafuta simu, akampigia kila mmoja wetu na kumwambia neno lile lile: "Jumamosi naenda kukuwashia moto nyumbani kwa baba yako."

Kwetu, mtu baki akiwasha moto mekoni mwako na wewe u hai, ni kama umeshazikwa. Mke wangu alicheka nilivyobadilika rangi.

"Si ulisema huendi, kuna theluji?"

Nikamwambia aniletee viatu.

Tulipanda familia saba, tukimsema njia nzima, tukamkuta kona ya mwisho na koleo lake. Alikuwa akitusafishia barabara tangu alfajiri.

"Mmechelewa," akasema, akitugawia funguo. "Kuni ziko mlangoni."

Mchana karani, mtu mpole mwenye kikohozi, akasimama mbele ya kanisa akahesabu dohani. Saba. Akarudia. Saba. Akafunga kalamu, akasema anasikitika. Sote tukageukia dohani ya Shangazi: haitoi kitu. Moto wake ulizimika yeye akiwa barabarani.

Badri, mwenzetu ambaye nyumba yao imepakana na yake, akamuuliza kwa adabu zote, "Shangazi, nikuwashie?"

"Thubutu."

Na yule mama wa miaka sabini na minne akatoka mbio, koleo mkononi. Tulingoja, karani naye akingoja na kikohozi chake. Kisha ukatoka, mweusi, mnene, ukapanda juu ya paa lake. Karani akafungua kalamu. Nililia, sioni haya kusema.

Umeme ulirudi Machi. Msimu huu tuko mioshi kumi na mmoja, na ufunguo wangu sijamrudishia.