Programu Yangu Ilimeza Kila Kitu, Mama wa Watu Akaitwa Mwongo

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunionea huruma.

Miaka ya tisini nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye mradi wa mbu, Ifakara. Niliandika programu ya kujumlisha mbu walionaswa vijijini. Ukitaka kuiendesha unaandika jina lake, kisha herufi za kuiagiza: hii ya kuiambia ihesabu kwa mwezi, ile ya kuiambia iruke siku ambazo mtego haukutegwa.

Mwanzoni, ukiandika herufi isiyoijua, iligoma na kukwambia umekosea. Siku moja ikanigomea mbele ya bosi na wageni, wakacheka. Nikaona aibu, nikaifuta sehemu ya kugoma. Tangu hapo ikawa inameza herufi yoyote, kimya. Ujinga gani ule!

Mama Tabu ndiye aliyekuwa akitutegea mitego kijijini Lupiro, kwenye mbu kuliko kote. Masika maji yalijaa hadi milangoni, nyumba nyingi hakuingia. Kwenye daftari akaacha nafasi wazi, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Siku ya ripoti, badala ya ile herufi ya kuruka siku, nikaandika herufi isiyokuwepo. Programu ikaimeza, na nafasi zote wazi zikahesabiwa sifuri. Ripoti ikasema Lupiro, tena masika, karibu hakuna mbu. Lupiro!

Bosi akasema huyu mama analala kwake, anajaza daftari la uongo. Akamwita ofisini. Mama Tabu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, si wewe uliniambia nisipotega niache wazi? Hebu waeleze."

Nikajibu kwamba nitaangalia. Nitaangalia nini? Herufi niliyoikosea ilikuwa imechapwa juu kabisa ya ripoti, na nilikuwa nimeshaiona!

Akaachishwa kazi siku hiyo. Baadaye nikaiendesha programu upya, sawasawa, hesabu zikanyooka. Bosi alipouliza, nikamwambia nimeziondoa siku alizodanganya Mama Tabu. Akanipa mkono. Nami nikaupokea, fisi mimi.

Nyie mnaoandika programu, ikiletewa kitu isichokijua iacheni igome, hata mbele ya wageni. Na ukishamponza mtu, sema hapo hapo, angali amesimama mbele yako. Mimi nilisema nitaenda Lupiro mambo yakipoa. Nilienda kweli, kwenye msiba wake, na pale kwa waombolezaji nikasikia jina walilokuwa wamempachika tangu afukuzwe: Mama Sifuri. Hata siku hiyo sikufungua mdomo.