Kamati iliokota warefu, kocha wetu ni mtu wa mbio

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hata nikiandika sasa miguu haitulii chini ya meza.

Mimi ni mrefu. Ukiwa mrefu hapa Meru, kila mtu anakuuliza kama unacheza basketball. Ndivyo timu yetu ilivyoundwa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kirimi wa hardware, akiona mtu mrefu sokoni anamshika mkono. Mmoja alimtoa Kiirua akipakia waru, yaani viazi, kwenye lori, hajawahi kugusa mpira.

Tulipojaa ndipo wakatafuta kocha. Wakapata Njeru, mtu wa Embu. Hakuna aliyemuuliza anafundisha mchezo wa aina gani.

Kumbe Njeru ni mbio tu! Ukidaka rebound, mpira uliokosa kikapu, utoke papo hapo na wote mfyatuke. Mazoezi ya kwanza tulitapika.

Mechi ya kwanza tulienda Embu, tukachapwa vibaya. Tukifika upande wao, mpira umesharudi kwetu. Mashabiki wakatuita nguzo za stima. Mimi ndiye captain, wakuu. Niliona aibu sana.

Mzee Kirimi akawaka. "Kocha, watu warefu hivi na bado tunapigwa?"

"Mzee, hawa si wabaya, lakini si wa mchezo yangu. Mnitafutie wenye wanakimbia, ama mtafutie hawa kocha mwingine."

Kamati ikataka kumfukuza, lakini wakasema kwanza wasikie captain. Njeru akienda, nabaki uwanjani. Akibaki, nakaa nje.

Nikasema abaki. Ndiye kocha wa kwanza niliyeona anajua anachotaka.

Akaleta wafupi wenye mapafu. Nafasi yangu ikachukuliwa na Gitonga, jamaa wa boda boda. Embu walipokuja kwetu nilikuwa benchi, mara nasimama, mara naketi, mara nafunga viatu upya. Tukawachapa. Nilifurahi, na iliniuma vilevile.

Funzo ni hili: muulizeni kocha anacheza vipi kabla hamjaokota watu.

Sasa kuna timu ya Manyatta, kule kule Embu, imenipigia. Kocha wao anataka mchezo wa polepole, mtu mkubwa chini ya ring. Mzee Kirimi anasema nikienda ni usaliti. Njeru mwenyewe ndiye aliyewapa namba yangu.

Wakuu, mngekuwa mimi mngeenda?