Tangi la Dirishani

Mluzi. Sauti mbili zilizopenya kwenye mwanya wa meno, ya kwanza fupi, ya pili ikipanda kama inayouliza. Mama Matangi aliubeba kichwani miaka yote aliyofanya kazi katika nyumba ya samaki ya chuo, na hakumwambia mtu ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa fundi pampu. Waliishi pamoja muda mfupi, wakapata binti, kisha fundi akafuata kazi mbali na asirudi. Mtoto alikuwa hajaanza hata kutambaa. Alipokua, akafanana na mamake kama shilingi kwa ya pili: paji lile, mabega yale, mwendo uleule. Mlinzi wa getini alimwita Fotokopi.

"Huyu hana baba," alitania. "Mama amejizaa mwenyewe!"

Mama alicheka. Utani ule ulimpoza mahali palipokuwa pakiuma, akauacha ugeuke ukweli wa nyumbani.

Labda ndiyo maana alilipenda tangi la dirishani kuliko yote. Humo waliishi samaki wadogo wa aina mbili, rangi ya majivu, wanaozaa badala ya kutaga. Wapana walikuwa majike watupu. Walizaa mabinti, na kila binti alikuwa mama yake tena, bila chembe ya baba. Wembamba walizaa kama sisi, madume na majike, watoto wa kuchanganya damu. Lakini mti hauendi ila kwa nyenzo: wapana waliazima madume wa wembamba, na mbegu ya dume ikaliamsha yai tu, kisha ikaachwa mlangoni.

Kwa kuwa kila mpana alikuwa mzazi, waliongezeka upesi. Wangeweza kuwasonga wembamba hadi waishe, na hapo wangekuwa wamekata tawi walilolikalia. Bahati nzuri, madume walipendelea majike wa kwao. Mama Matangi naye alipanda majani mengi, wembamba wapate pa kujificha, na mara kwa mara akawapunguza wapana kwa wavu. Basi wakaishi, jamaa wale wawili, hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Siku moja aliteleza kwenye sakafu yenye maji akavunjika mguu. Binti, aliyekuwa mshonaji, akaifunika cherehani yake na kumshikia kazi.

Mama alikuwa bado kitandani, siku chache kabla ya kurudi kazini, shangazi alipokuja, dada yake fundi pampu. Kaka yake alikuwa hospitalini, mapafu yamechoka, anaomba kumwona mwanawe.

"Mpe pole, shangazi," binti akasema. "Mimi nina nini chake? Hata ukucha sina."

"Siku zake zinahesabika, mwanangu."

"Na zangu, yeye alizihesabu?"

Shangazi akamtazama mama. Mama akautazama mguu wake juu ya mto. Alijua binti ana nini cha baba yake, lakini kulitamka kungeondoka na fahari yake yote ya kumzaa peke yake. Akausogeza mto tu.

Aliporudi kazini kwa fimbo, alikwenda moja kwa moja dirishani. Majani yalikuwa matupu. Wapana walielea, matumbo bapa.

"Vichanga wako wapi?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Wameacha kuzaa."

"Na madume?"

"Niliwahamishia tangi la kona. Walikuwa wanawasumbua hawa dada bure tu. Si ulisema hawachukui kitu chao?"

"Nilisema hawachukui. Lini nilisema hawawahitaji?"

Binti akashika mdomo. Kisha akachukua wavu, akaenda kona, akaanza kuwarudisha madume mmoja mmoja. Mikono ilipozoea kazi, midomo yake ikajikunja yenyewe, mluzi ukapenya kwenye mwanya wa meno yake: sauti mbili, ya pili ikipanda.

Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni, akiosha vyombo, akitia uzi kwenye sindano, na kila mara mamake alipata sababu ya kutoka nje. Leo aliegemea fimbo, akabaki.

"Mama, unalia?"

"Maji ya tangi haya."

"Hujatia mkono tangini, mama."

Mama Matangi akamtazama dume wa mwisho akizama kati ya majani.

"Uso nilikupa mimi," akasema, kwa sauti ambayo pampu zilikaribia kuifunika. "Mluzi huo mimi siuwezi. Nenda kwa baba yako, mwanangu. Bado anasikia."