Kitunga cha Samaki Kabla ya Mechi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kiti mbele ya mlango, chai, redio, basi. Nilianza kupiga filimbi kwenye mechi za watoto hapa Mangobo kwa sababu waliokuja kutafuta arbitre, yaani refa, walinikuta nimekaa, na mtu aliyekaa hana kisingizio. Malipo hakuna. Kuna matusi tu, na hayo hayacheleweshwi.

Kazi hiyo ilinifundisha kutomwamini mtu. Mama akinisalimia mara mbili asubuhi, najua mwanawe ni mshambuliaji. Fundi cherehani akisema suruali yangu imechakaa, naiacha ichakae mpaka msimu uishe.

Kwa hiyo siku ya mechi kati ya watoto wetu na wa Yanonge, waliopanda mto kwa mtumbwi wa injini, mwendesha pikipiki alipotua kitunga mbele yangu, nilijiambia: ndiyo hii. Samaki wa moshi, wakubwa, wamepangwa kama wanangoja kupigwa picha.

“Watu ya Yanonge banatumia papa arbitre.”

“Watu gani?”

“Mimi niko wa kubeba tu, papa.”

“Basi beba tena. Sema hapa hatununuliwe na samaki.”

Akaondoka akicheka. Nikakaa tena, mtakatifu mwenye njaa.

Mke wangu aliporudi kutoka sokoni alitazama kila pembe.

“Papa ya batoto, kitunga iko wapi?”

Nikamsimulia ushujaa wangu. Akaweka mboga yake ya pondu chini polepole, nikajua nimekufa.

“Ile ni ya bokilo yako! Baba ya kijana mwenye kutaka binti yetu. Kwao samaki anatangulia, mugeni anafuata. Ukirudisha, ni kusema mutoto hatutoe!”

Kumbe binti yangu alikuwa na mchumba, na nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi ninayeshinda humo. Binti akatokeza mlangoni, akaniangalia, akarudi ndani. Afadhali angelia.

Uwanjani, kando ya mstari, alisimama mzee mwenye shati lililopigwa pasi, kitunga kile kile miguuni pake. Badala ya kuona haya, nikaanza kushuku upya. Kama ni mkwe, mbona kasafiri mtumbwi mmoja na timu? Mbona samaki wamefika kabla ya mechi na si baada? Kila alipokohoa nilisikia amri.

Karibu na mwisho, bado hakuna bao, beki wa Yanonge aligusa mpira kwa mkono mbele ya goli lao. Nikatazama kitunga. Nikapiga filimbi: penalti kwa Mangobo. Harusi imekwisha, nikajisemea.

Kipa wa Yanonge akaidaka. Mangobo wakanivamia.

“Alitoka mapema! Barudilie!”

Nilimwona yuko kwenye mstari. Nadhani. Nikakataa.

Mechi ilipoisha bila bao, mzee akanijia.

“Ile mupira iligusa mukono. Mimi mwenyewe niliona.”

“Papa, asubuhi sikujua...”

“Asubuhi nilikasirika. Bon, nikasema, ngoja nimuone kazini. Mutu anatupigia penalti, na binti yake anataka kuingia kwetu? Ule hatatudanganya.” Akanisukumia kitunga. “Sasa match imeisha. Unakamata ao hapana?”

Nikakamata kwa mikono miwili, tukaongozana. Ila njia ya nyumbani inapita katikati ya Mangobo, na samaki wa moshi hawafichiki. Harufu ilitutangulia mlango kwa mlango.

“Eh, papa arbitre! Ndiyo sababu penalti haikurudiliwa?”

“Ni ya bokilo!”

“Tangu lini uko na bokilo Yanonge?”

“Tangu asubuhi.”

Mzee alicheka kuliko wote, jambo ambalo halikunisaidia.

Binti alitupokea mlangoni, akakipeleka kitunga jikoni akiimba. Filimbi nimewarudishia wenyewe. Nani angeniamini? Hata mimi, kila nikila samaki wa Yanonge, naona mguu wa yule kipa. Ulikuwa juu ya mstari, au mbele kidogo? Mke wangu ananiambia nimeze.