Truphena Hakungoja Ijumaa

Wifi yangu Truphena hajui kukaa. Hata kanisani, mchungaji akisema tuketi, yeye huketi ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Ndugu yangu Osborn alipomwoa, mwaka wa arobaini na sita, mama yetu alimtazama siku tatu akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha akaniambia, "Huyu hatachoka yeye. Tutachoka sisi." Mama alisema kweli. Nilichoka naye miaka ishirini na miwili, nikampenda miaka hiyo hiyo, na katika mwaka wa sitini na nane kulikuwa na juma moja ambalo nilimchukia kabisa. Nataka kulieleza juma hilo, kwa sababu watu wa Busia wanalieleza vibaya.

Truphena ni fundi wa kushona. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani kwa Patroba, muuza misumari na mabati, Busia ya upande wa Kenya, hatua mia mbili tu kutoka kizuizi cha mpakani. Mimi niliolewa upande wa Uganda, maili mbili hivi ukishika njia ya Masafu. Mume wangu Ekaju alikuwa Mteso wa mbali, wa huko Soroti, aliyekuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbolea Osukuru, halafu akanunua kishamba karibu na mpaka kwa sababu mimi nilikataa kukaa mbali na watu wangu. Sisi Wasamia tuko pande zote mbili, na Wateso vilevile. Siku za soko nilivuka asubuhi na mihogo, nikarudi jioni na sabuni, na askari hakuinua hata kichwa.

Osborn alikuwa akinunua pamba kwa wakulima na kuipeleka kwenye jineri, kiwanda cha kuichambua. Mwaka wa hamsini na tatu walimkamata kwa kukosa leseni. Alikuwa nayo ya mwaka uliopita, akadhani itamfaa mpaka apate mpya. Walimweka ndani miezi sita. Akatoka amekonda, anakohoa, na mavuno yaliyofuata hayakumkuta hai. Tangu hapo Truphena akiona karatasi yenye mhuri mikono humtetemeka, na dawa yake ya kutetemeka ni kuisoma. Alisoma matangazo yote ya ukutani kwa chifu. Alisoma magazeti ya Patroba hata yale yaliyokwisha kufungiwa misumari. Mtu akipata barua ya serikali alimpelekea yeye, naye akaisoma mara tatu, kisha usiku hakulala, ingawa barua haikuwa yake.

Ndiyo maana tulipoanzisha chama cha kuzikana tulimpa ukatibu. Tulikuwa watu arobaini, nusu huku, nusu kule. Mwanachama akifa kila nyumba ilileta chochote, unga, kuni, mbao, au shilingi mbili tatu za sanda. Lakini kanuni kubwa ilikuwa moja: upande uliofiwa haushiki jembe. Mtu akifa Uganda, kaburi huchimbwa na watu wa Kenya. Akifa Kenya, tunavuka sisi. Wafiwa wakae, walie, wapokee wageni. Watu walidhani ni kanuni ndogo, lakini ilitutuliza sana sokoni. Ukijua kwamba fulani ndiye atakayekuchimbia kaburi, humwibii kwenye mizani.

Aliyeipenda kuliko wote ni Ekaju. Hakuwa na ndugu Busia, hata binamu. Mwaka ule alikuwa kitandani tangu mvua za kwanza, miguu imevimba, na daktari wa Tororo alikuwa ameniambia mimi peke yangu kwamba moyo wake umechoka. Nadhani Ekaju alijua bila kuambiwa.

"Mama Adeke," alisema, maana mtoto wetu wa kwanza ni Adeke, "mimi hapana ogopa kufa. Mimi naogopa kuzikwa na watu wawili, jembe moja. Kama mbwa. Chama iko?"

"Iko."

"Basi."

Kila jioni aliniuliza, na kila jioni nilimjibu.

Sasa lile juma. Jumatatu Truphena alikuja kwangu mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, gazeti mkononi. Serikali ya Uganda imepeleka mswada bungeni, alisema. Mswada wa kusimamia bima na biashara. Akanisomea akiwa amesimama mlangoni: mtu yeyote anayekusanya michango na kuahidi kulipa mtu akifa, huyo anafanya biashara ya bima. Atajiandikisha, ataweka dhamana, na asiye raia hataruhusiwa bila kibali maalumu. Asiyefuata atatozwa faini au atafungwa.

"Sisi tuna biashara gani, wifi?" nilimuuliza. "Tunazika watu."

"Tunakusanya, hatukusanyi? Tunaahidi, hatuahidi? Na nusu yetu si raia! Nikiwa huku mimi ni mgeni. Ukija kule, wewe ni mgeni. Wakianza huku, na Kenya watafuata, watukamate pande zote mbili!"

Nilimpa uji, akaunywa akitembea.

Jumanne alfajiri alipanda lori la pamba mpaka Tororo, akaenda ofisi za serikali. Tarishi aliyekaa mlangoni alimwambia karani wa mambo hayo amekwenda Mbale kikazi, atarudi Ijumaa.

"Ijumaa!" alinisimulia. "Siku tatu, Loice! Osborn walimchukua kwa nusu saa."

Mwingine angerudi nyumbani akashona nguo za watu. Truphena aliitisha mkutano Jumatano. Tulijaa barazani kwa Patroba, wengine wameketi juu ya mabati. Alisoma gazeti lote, sauti inapanda. Patroba, ambaye ndiye mwenyekiti na ni mtu wa kufikiri polepole, akanyoosha kidole.

"Mama Katibu, hiyo ni sheria?"

"Ni mswada."

"Mswada ndio nini?"

"Ni sheria inayokuja."

"Na sasa hivi imefika wapi?"

"Wewe ngoja ikukute barabarani!"

Hakuna aliyecheka. Wote tulimkumbuka Osborn alivyorudi. Truphena akatoa shauri lake: tukivunje chama kiwe viwili, cha huku raia watupu, cha kule raia watupu, na mtu asivuke mpaka na jembe wala unga wa matanga mpaka tujue. Mzee Oriokot wa upande wetu akauliza, "Sasa nani atachimba?" Truphena akasema hilo tutalipanga baadaye. Tukapiga kura. Nasema ukweli, nami niliinua mkono. Niliogopa kama wengine, na mume wangu yuko nyumbani amelala.

Jioni ile Ekaju akaniuliza, "Chama iko?"

"Iko," nilisema. Sikuweza kusema vingine.

Ijumaa Truphena alirudi Tororo. Karani alikuwepo, kijana mpole mwenye miwani. Alimsikiliza, akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, huu mswada bado unajadiliwa. Wanaotafutwa ni makampuni, watu wanaokula fedha za wajane. Kuhusu vyama vya kuzikana, wabunge wenyewe wameuliza na hawajajibiwa. Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kufa. Nyinyi endeleeni kuzikana."

Alivuka mpaka jioni hiyo hiyo kwenda kwao akiita watu nyumba kwa nyumba. Turudi! Nilikosea! Mswada si sheria! Patroba alimsikiliza huku akipima misumari. Misumari ilipotulia kwenye mizani akasema, "Mama Katibu, Jumatano ulisema jela. Ijumaa unasema si jela. Jumapili utasema nini? Mimi nina watoto saba. Nangoja nione kwa macho yangu." Wengine wote walijibu hivyo hivyo. Ukiwatia watu hofu wanaipokea kwa mikono miwili, lakini jaribu kuwaomba wakurudishie.

Ekaju alikufa Jumanne, jogoo wa kwanza. Aliniuliza swali lake usiku ule pia, nami nikajibu kama kawaida.

Tulituma Opolot na baiskeli kwenda Kenya kutoa habari. Alirudi saa nne. "Wanasema pole sana," alisema. "Patroba amelia. Lakini kuvuka, hapana." Opolot na Edimu, majirani zangu wazuri, wakanikalisha chini. "Mama Adeke, turuhusu sisi tuchimbe. Kanuni kitu gani? Mtu amekufa." Walikuwa na haki. Kichwani nilijua wana haki. Lakini nilikuwa nimemwambia mume wangu "iko" siku sita zote za uongo, na yeye akafa akiiamini. Nikasema, "Mtu wa kule atachimba. Kama hakuna, Ekaju atalala hapa hapa." Wakatazamana. Jua lilikuwa kali, nasi tuliweka majani ya migomba chini yake na maji kila saa. Usiku ukapita hivyo.

Jumatano asubuhi Truphena akaja. Peke yake, jembe begani, tepu shingoni, maana hata kuivua alikuwa amesahau. Hakuja kunipa pole. Alikwenda moja kwa moja pale Oriokot alipochora mstari wa kaburi, akaanza.

"Mama, wacha!" Edimu alimwambia. "Mwanamke hapana chimba kaburi!"

"Mimi ni mtu wa Kenya," alijibu bila kuinua kichwa. "Nani mwingine wa Kenya unamwona hapa?"

Nilikuwa mlangoni, nimevaa koti la Ekaju nje ndani, kama mjane anavyotakiwa. Nilimwona akichimba. Ardhi ya juu ilikuwa laini, lakini ya chini yake ni changarawe ngumu, na jembe liliruka. Ilipofika saa tano mpini ulikuwa na damu. Nitasema na hili, kwa kuwa nimeahidi kusema: nilifurahi. Nilitaka aumie. Nilisema moyoni, chimba, wewe usiyeweza kungoja, chimba mpaka ufike kwa Osborn umweleze. Nikamwangalia hivyo muda mrefu, mpaka alipoanguka magoti, akainuka, akaendelea, wala hakutazama upande wangu hata mara moja. Kaburi lilikuwa limemfika kiunoni. Kwa mwendo ule angemaliza kesho, na Ekaju hakuwa na kesho.

Kwetu mjane ambaye mumewe hajazikwa hatoki uani. Akivuka kizingiti cha mtu anakiacha kifo mle ndani, na mwenye nyumba hawezi kukiondoa ila kwa kwenda kumzika marehemu kwa mikono yake mwenyewe. Kila mtoto wa pande zile anajua. Wakristo wanajua pia, ingawa Jumapili husema hawajui.

Nikatoka.

Opolot alipiga ukelele nyuma yangu. Sikugeuka. Barabarani watu waliingia kwenye mihogo kunipisha. Kizuizini askari kijana alisimama. "Mama, unakwenda wapi hivyo?" Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kibanda chake. "Niingie nikueleze?" Aliuinua mti wa kizuizi mpaka juu kabisa.

Patroba aliniona tangu mbali. Alitoka nyuma ya meza, akasimama katikati ya mlango, mikono ameitanua.

"Dada Loice, tafadhali. Usifanye hivyo."

"Patroba, una watoto saba?"

"Saba."

"Niingie, au unatoka?"

Alinitazama, jasho linamtoka kwenye mdomo. Kisha akachukua jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani, akafunga mlango kwa kufuli, akatangulia. Nikaenda kwa muuza samaki. Nikaenda kwa fundi baiskeli. Kila mahali niliuliza neno moja. Mlango wa nne haukuhitaji kuulizwa. Habari zilikuwa zimenipita mbio, na wanaume walisimama nje ya nyumba zao wakiwa na majembe, wake zao wakiwasukuma mgongoni. Tulivuka watu kumi na wanane. Hakuna aliyetaja mswada.

Tulipofika, shimo lilikuwa limemfika Truphena kifuani. Patroba akasimama ukingoni.

"Toka, Mama Katibu. Tumekuja."

"Mswada haujapita," alisema, kana kwamba bado anabishana naye dukani. "Karani alisema inaweza kuchukua mwaka."

"Toka kwanza. Mwaka tutauzungumza."

Alishika ukingo akajaribu kupanda. Mikono ilikataa, ngozi ya viganja ilikuwa imebanduka. Akajaribu tena, akateleza chini. Patroba alitaka kumvuta, lakini tayari mimi nilikuwa nimeinama, mkono wangu umenyooshwa mbele ya uso wake.

 Mkono wa mjane haushikwi kabla ya mazishi. Truphena alilijua hilo kuliko mimi. Siku ya msiba wa Osborn nilikimbia kumkumbatia, naye akarudi nyuma hatua tatu akinizuia kwa kelele, "Usiniguse, Loice, una mtoto tumboni!" Mtu anayeogopa karatasi yenye mhuri, fikiria anavyoogopa jambo kama hili.

Aliutazama mkono. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipokuja. Kisha akaushika kwa viganja vyake vyote viwili, vibichi vile, akaufumbata. Nikamvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu Jumanne.